Utambi, mti na fulana ya mbio: historia ya kitambaa kinachofukuza jasho

Leo naweka kando programu na hifadhidata niandike kuhusu nguo. Msishangae sana. Nilinunua fulana ya mbio ya mtumba pale Gikomba, na ndani ya ukosi mlikuwa na lebo mbili. Moja ilisema poliesta asilimia 100, nyingine ikajigamba kwamba fulana hiyo hufyonza jasho. Hapo ndipo swali lilipoanza kuniwasha. Kila mtu aliyewahi kuvaa shati la sare la poliesta shuleni anajua kwamba kitambaa kile hakinywi kitu. Jua likiwaka linakugandia mgongoni kama karatasi ya mkate. Kinachokunywa maji ni pamba, ndiyo maana taulo ni ya pamba. Imekuwaje basi kitambaa kisichokunywa maji kikawa bingwa wa kuondoa jasho?

Nikaanza kusoma, makala moja ikanipeleka kwa nyingine, mpaka nikajikuta kwenye miti, mishipa ya damu, na kasisi mmoja wa Uingereza aliyekuwa akipima uzito wa alizeti. Haya basi, twende taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu jasho. Jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke yote juu ya ngozi hubeba takriban kilojuli 2,400 za joto. Ukiikausha lita hiyo kwa saa moja, umeondoa joto la karibu wati 670 mfululizo, sawa na pasi ndogo iliyowashwa saa nzima. Ile inayodondoka chini haijakusaidia karibu lolote, umepoteza maji na chumvi bure. Mtu aliyekimbia Mombasa mwezi wa Machi analijua hili hata kama hajawahi kuliona kwenye kitabu: hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka, mwili hauteremki joto. Wanariadha huzirai hivyo. Wavuna miwa, wajenzi na wazima moto nao huzirai hivyo, na wengine hawaamki. Kwa hiyo nguo iliyo kati ya ngozi na hewa si pambo tu. Inaweza kusaidia jasho likauke, au ikalifungia ndani.

Kazi ya nguo basi ni mbili: kuyatoa maji kwenye ngozi haraka, kisha kuyatandaza mahali ambapo hewa itayachukua. Ya kwanza ni kazi ya utambi. Wale mliosoma kwa koroboi mnakumbuka: mafuta yako chini, moto uko juu, na katikati kuna kipande cha kitambaa ambacho hakina pampu wala mota, lakini mafuta yanapanda usiku kucha.

Kwa nini yanapanda? Swali hili limewachosha watu wakubwa. Leonardo da Vinci aliandika kuhusu maji yanayopanda ndani ya mirija myembamba. Mapema katika karne ya 18 Francis Hauksbee wa London alirudia jaribio hilo ndani ya chombo kilichotolewa hewa, maji yakapanda vilevile, na kwa hivyo ile hoja kwamba hewa ndiyo inayoyasukuma ikafa. Mwaka 1718 James Jurin akatoa kanuni ambayo bado inabeba jina lake: kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Mwaka 1805 Thomas Young alieleza sababu yake, mvutano wa uso wa maji pamoja na pembe ambayo maji hufanya yanapogusa ukuta, na Laplace kule Ufaransa akaiweka kwenye hesabu mwaka uliofuata. (Hata Einstein, makala yake ya kwanza kabisa ya kisayansi, ya 1901, ilikuwa juu ya mambo haya ya kapilari. Baadaye hakuisifu.)

Tuweke tarakimu. Mrija wa kioo safi wenye nusukipenyo cha milimita 0.1 hupandisha maji kama sentimita 15. Ukiupunguza mara kumi, mita moja na nusu. Ukiupunguza mara kumi tena, ukafika maikromita moja, karibu mita 15. Kwa hesabu hiyo ungedhani dawa ya jasho ni rahisi: tengeneza kitambaa chenye vitundu vidogo kupita kiasi, umemaliza. Kumbe hapo ndipo penye mtego.

Mwaka 1918 Richard Lucas, na mwaka 1921 Edward Washburn wa Marekani, walishughulikia swali ambalo Jurin hakuliuliza: maji hupanda kwa kasi gani? Jibu lao halifurahishi. Vitundu vidogo vina nguvu kubwa ya kuvuta, lakini ukuta wao unayakwaruza maji kiasi kwamba safari inakuwa ya konokono. Vitundu vikubwa vina kasi ila havina nguvu, na kitu kikibadilika mwelekeo kikapingana na uzito wa maji, vinashindwa. Kisha kuna jambo la pili. Umbali unakua kwa kipeuo cha pili cha muda. Unaweza kulijaribu nyumbani leo: kata ukanda wa kitambaa, ning'iniza ncha yake kwenye kikombe cha maji ya rangi, upime. Ikiwa sentimita 2 za kwanza zimechukua dakika moja, sentimita 4 zitachukua kama dakika nne, na sentimita 6 dakika tisa. Waandishi wa programu tunaijua sura hii. Ni ile algorithimu inayofanya kazi vizuri ukiijaribu na rekodi kumi, halafu mteja analeta rekodi laki moja.

Kwa hiyo mtengeneza kitambaa anabanwa kotekote. Anataka nguvu ya kitundu kidogo na kasi ya kitundu kikubwa kwa wakati mmoja. Binadamu alichelewa kupata jibu la fumbo hili. Mti ulikuwa nalo zamani.

Na hapa anaingia yule kasisi. Stephen Hales alikuwa mchungaji wa parokia ya Teddington karibu na London, na alikuwa na ugonjwa wa kupima kila kitu. Alipanda alizeti ndani ya chungu, akakifunika chungu kwa bamba la risasi ili maji yasipotee kupitia udongoni, kisha akawa anaupima uzito asubuhi na jioni. Kilichopungua kilikuwa kimetoka kwa njia ya majani. Katika kitabu chake cha mwaka 1727 alilinganisha mmea huo na mtu, na hesabu yake ikatoka kwamba, ujazo kwa ujazo, alizeti hutoa "jasho" mara 17 zaidi ya binadamu. Nalipenda sana jaribio hili kwa sababu limefanywa kwa mizani na subira tu, na pia kwa sababu Hales aliuona mmea kama kiumbe kinachotoka jasho karibu miaka 300 kabla watu wa nguo hawajafikiria hivyo.

Lakini maji yanafikaje juu? Pampu ya kufyonza haiwezi kuvuta maji kupita mita 10 na kitu, hata ungenunua pampu ya aina gani, kwa kuwa inategemea hewa iyasukume kutoka chini. Miti mirefu kuliko yote duniani, ile ya redwood ya California, inapita mita 110. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walipendekeza jambo lililoonekana kama kichaa: maji yanavutwa kutoka juu kama kamba. Chembe zake zimeshikana kwa nguvu, na yanapovukizwa kutoka kwenye kuta za seli za majani, ambamo mianya ni ya nanomita chache tu, kamba nzima inasogea hadi mizizini. Mianya ile midogo ndiyo yenye nguvu ya Jurin. Mirija mikubwa ya shina ndiyo yenye kasi. Mti umegawanya kazi.

Wengi hawakuamini. Maji yavutwe kama kamba bila kukatika? Ilibidi kusubiri hadi 1965, wakati Per Scholander na wenzake walipotumia chombo cha shinikizo kupima nguvu hiyo ndani ya matawi. Ili kupata vitawi vya juu kabisa vya miti mirefu walivipiga risasi kwa bunduki vikaanguka. Walipima pia mikoko, ndugu wa hii ya kwetu ya Lamu na Gazi, ambayo husimama ndani ya maji ya bahari na kuvuta maji matamu kutoka humo. Kufanya hivyo kunahitaji mvuto unaopita mara 25 ya shinikizo la hewa. Hakuna mota, hakuna sauti.

Sasa tunafika kwa mtu ambaye jina lake ndilo limo kwenye vitambaa vya leo, na ambaye hakuwa akiwaza mimea wala nguo. Cecil Murray alikuwa mwanafiziolojia katika Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania. Mwaka 1926 alijiuliza: mishipa ya damu inapogawanyika, kwa nini matawi yana upana ule yalio nao? Alilichukulia kama swali la gharama. Mshipa mwembamba ni ghali kwa kusukumia, kwa maana Poiseuille alikuwa ameonyesha miaka ya 1840 kwamba ukipunguza upana wa mrija kwa nusu, mtiririko unashuka hadi sehemu moja ya 16. Mshipa mnene nao ni ghali kwa kutunza, kwa maana damu iliyomo ndani lazima itengenezwe na kulishwa. Jumlisha gharama mbili, tafuta mahali jumla inapokuwa ndogo kabisa, na jibu linatoka safi: nusukipenyo cha mama kikizidishwa chenyewe mara tatu kiwe sawa na jumla ya vya watoto wake wote vilivyofanyiwa hivyohivyo.

Naomba mnivumilie na mfano, maana bila mfano hii kanuni hupita masikioni tu. Chukua mrija wenye nusukipenyo cha 10. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000. Ukiugawa kuwa miwili, kila mmoja utakuwa na karibu 7.9, si 5 kama ungeotea. Ukiugawa na kugawa mpaka kufikia mirija ya nusukipenyo cha 1, utahitaji 1,000. Angalia sasa kilichotokea njiani. Eneo la mdomo wa mrija wa mama lilikuwa 100 (tuiache pai), na eneo la midomo ya watoto wote ni 1,000. Limekua mara kumi. Mzingo wa kuta zao umekua mara 100. Maana yake maji yanaingia kwa kasi kupitia njia pana, yanafika mwisho yakiwa yametandazwa juu ya ukuta mkubwa ajabu, na hakuna mahali yalipokwama. Waliojenga mitandao ya kompyuta watatabasamu hapa. Ni swali lilelile la nyaya kubwa za katikati na nyaya ndogo zinazoingia majumbani, ila sisi bado tunaotea na mti ulishapiga hesabu.

Mwaka 1927 Murray mwenyewe aliandika makala fupi kuhusu matawi ya miti, lakini alipima mzingo na uzito wa matawi, si mirija iliyo ndani yake. Leonardo, kwa mara nyingine, alikuwa amesema kitu kuhusu matawi: kwamba unene wa matawi yote yakikusanywa pamoja ni sawa na unene wa shina. Hiyo ni kanuni ya maeneo, si ya Murray. Ilichukua hadi 2003 ndipo Katherine McCulloh, John Sperry na Frederick Adler wa Utah walipoonyesha katika jarida la Nature kwamba mirija ya maji ndani ya mimea hufuata kanuni ya Murray, kwa sharti moja zuri sana: ni pale ambapo mirija hiyo haina kazi ya kuubeba mmea. Kwenye majani na mimea inayotambaa, kanuni inafuatwa. Kwenye misonobari, ambako mirija hiyohiyo ndiyo nguzo za mti, inavunjwa, kwa sababu mti ukichagua maji peke yake utaanguka. Weka sharti hilo akilini, tutalihitaji.

Turudi kiwandani, ambako mambo haya yote yalikuwa hayajulikani wala kutakiwa. Poliesta ilivumbuliwa mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Dickson, waliokuwa wakifanyia kazi kampuni ya wachapishaji wa vitambaa ya Manchester. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, poliesta asilimia 0.4. Kwa miaka mingi hilo lilihesabiwa kuwa dosari. Watu wa DuPont ndio waliolipindua mwaka 1986 na uzi uliopewa jina la Coolmax. Badala ya uzi wa mviringo walitoa uzi wenye mifereji inayokwenda urefu wake wote. Na hapa ndipo swali langu la Gikomba linapojibiwa. Pamba hulinyonya jasho ndani ya uzi wenyewe, uzi unavimba, mianya kati ya nyuzi inazibika, na maji yanakaa mle kama mgeni asiyejua kuaga. Poliesta hailinyonyi. Jasho linapita nje ya uzi, kwenye mifereji na katika mianya kati ya nyuzi, mpaka linafika upande wa nje na kukauka. Uzi haunywi, unaelekeza. Kwa kweli poliesta tupu haipendi maji vya kutosha hata kwa kazi hiyo, kwa hiyo hupakwa dawa ya kuifanya ilowe kirahisi, na katika nguo za bei ya chini dawa hiyo huisha kadiri unavyofua. Sasa najua kwa nini baadhi ya fulana hufanya kazi miezi mitatu halafu zinasahau.

Mwaka 1996 kijana mmoja aliyetoka kucheza kandanda ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Maryland, Kevin Plank, aliyechoshwa na fulana za pamba zilizolowa chini ya jezi, alianzisha Under Armour. Hapo biashara ikalipuka, na chapa nyingine kubwa nazo zikawa na majina yao ya vitambaa vya namna hiyo. Coolmax yenyewe ilitoka mikononi mwa DuPont mwaka 2004, na leo ni ya kampuni ya Lycra.

Kuna tawi jingine la ukoo huu, nalo ni Gore-Tex. Oktoba 1969 Bob Gore alikuwa akijaribu kunyoosha vijiti vya plastiki ya PTFE vilivyopashwa moto. Kila alipovuta polepole vilikatika. Akakasirika, akavuta kimoja ghafla, nacho kikarefuka karibu mara kumi bila kukatika, kikawa utando wenye vitundu visivyohesabika ambavyo mvuke hupita lakini tone la mvua halipiti. Ni uvumbuzi mkubwa. Lakini kumbuka, huo hupitisha mvuke. Jasho likishakuwa maji, utando huo haujui la kufanya nalo.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesema ameiga maumbile. Wimbo wa kuiga maumbile ulianza kusikika sana baada ya 1997, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walipoeleza kwa nini jani la yungiyungi la lotus halichafuki. Mwaka 2001 Andrew Parker na Chris Lawrence waliandika kuhusu mbawakawa wa jangwa la Namib anayekusanya ukungu kwa vinundu vinavyopenda maji vilivyozungukwa na nta isiyoyapenda. Mwaka 2010 kundi la Lei Jiang wa Beijing likaonyesha jinsi uzi wa buibui uliolowa unavyosogeza matone kuelekea upande mmoja. Kila makala ikazaa makala mia nyingine.

Hapa nina lalamiko kidogo. Habari ya mbawakawa inasimuliwa kila mahali kana kwamba imefungwa, lakini yule aliyethibitishwa tangu 1976 na William Hamilton na Mary Seely kuwa husimama kichwa chini kwenye ukungu na kunywa ni spishi nyingine, Onymacris unguicularis, ambaye mgongo wake hauna vinundu vya namna ile. Mwaka 2010 Thomas Nørgaard na Marie Dacke walilinganisha spishi nne, na wakaona kwamba muundo wa mgongo haukuleta tofauti ya maana katika kukusanya ukungu. Kinachosaidia ni kule kusimama kichwa chini. Vitambaa na bati zilizotengenezwa kwa kuiga vinundu zinafanya kazi, sikatai. Ila si lazima mdudu awe anafanya hivyo. Mara nyingi mhandisi hupata wazo kwanza, kisha humtafuta mnyama wa kuweka kwenye picha ya kwanza ya makala.

Kilichokosekana kilikuwa chombo. Huwezi kuiga jani lenye mianya ya nanomita ukiwa na mashine ya kusokota uzi wa kawaida. Chombo chenyewe, usokotaji kwa umeme, kina historia ndefu ya kushangaza. Mwaka 1600 William Gilbert aliona kwamba ukisogeza kaharabu iliyosuguliwa karibu na tone la maji, tone linachongoka. Mwaka 1902 John Cooley alipata hataza Marekani ya kutengeneza nyuzi kwa njia hiyo: unaweka umeme wa volti nyingi kwenye kimiminika kizito, kinachongoka, na kutoka kwenye ncha unaruka uzi mwembamba unaokauka hewani. Kuanzia 1934 Anton Formhals naye alichukua hataza moja baada ya nyingine. Soko halikuwapo. Warusi peke yao ndio waliotumia kwa wingi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, kutengeneza vichujio vya hewa, na kazi hiyo haikutangazwa. Mwaka 1964 Geoffrey Taylor wa Cambridge akaeleza kwa hesabu umbo la ule mchongoko. Halafu kimya tena, hadi miaka ya 1990, Darrell Reneker wa Chuo Kikuu cha Akron alipoifufua na kila maabara ikajinunulia kifaa chake. Miaka 90 na zaidi tangu hataza ya kwanza! Wale wanaosema teknolojia husonga mbio waje wamuulize Cooley.

Mwaka 2012 kundi la Beijing lilitumia usokotaji huo kutandaza tabaka lisilopenda maji, jembamba, juu ya tabaka linalopenda maji. Ukimimina maji upande usioyapenda, tabaka la pili linayavuta kupitia lile la kwanza. Ukigeuza, yanabaki palepale. Ni kama ile diodi tuliyosoma kwenye fizikia, ila ya maji. Kwa nguo hii ni habari kubwa: jasho linatoka, halirudi.

Kisha ikaja makala iliyonipeleka safari yote hii. Bin Ding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Donghua, Shanghai, chuo ambacho kimejengwa juu ya ufumaji, walikuwa wametoa utando wa tabaka tatu mwaka 2018. Mwaka 2019, katika jarida la ACS Nano, waliongeza kitu kilichokuwa kimekosekana: Murray. Walipanga nyuzi za maikromita na za nanomita katika utando mmoja, ili mianya iwe mikubwa upande wa ngozi, ikigawanyika na kuwa midogo kuelekea nje, na wakati huohuo kupenda maji kukiongezeka kwa hatua. Jasho linaingia kwa njia pana, linavutwa na njia nyembamba, linafika nje limetandazwa kwenye ukuta mpana wa kukaukia. Alizeti ya Hales imelazwa chini ikawa kitambaa.

Matokeo yao: kasi ya kukauka gramu 0.67 kwa saa kwenye kipimo chao, mara 5.8 ya pamba na mara 2.1 ya Coolmax. Uwezo wa kupitisha maji upande mmoja ulifika asilimia 1,245, na alama ya jumla ya kudhibiti unyevu 0.94, ambapo 1 ndiyo kilele. Alama hizo mbili za mwisho hutoka kwenye mashine iliyoelezwa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Politekniki cha Hong Kong. Inadondosha maji ya chumvi kwenye kitambaa, na pete za sensa juu na chini zinasoma kupitia umeme maji yamefika wapi, kwa dakika mbili. Ni kipimo kizuri, na mimi kama mtu anayeishi kwa vipimo vya kasi vya programu najua pia udhaifu wake. Dakika mbili si saa mbili za marathoni. Na kipande cha maabara hakijawahi kukutana na beseni, sabuni ya mche na mikono ya mtu anayefua kwa nguvu.

Hapo ndipo sharti la McCulloh linarudi. Mirija hufuata Murray pale isipobeba uzito, na kitambaa hubeba. Kinavutwa, kinasuguliwa kwapani, kinakamuliwa. Nyuzi za nano ni dhaifu, kwa hiyo utando huo unahitaji kitambaa kingine cha kuushikilia, na kila tabaka unaloongeza linaharibu hesabu kidogo. Kuna na kasi ya kutengeneza. Sindano moja ya kusokota kwa umeme kwa kawaida hutoa chini ya gramu moja ya nyuzi kwa saa. Njia ya kutumia silinda badala ya sindano, iliyobuniwa na Oldřich Jirsák na wenzake katika chuo cha Liberec, Jamhuri ya Cheki, miaka ya 2000, imeongeza kasi hiyo sana, lakini mashine ya poliesta ya kawaida bado inaiacha mbali.

Tatizo jingine ni kemia. Njia ya mkato ya kulifanya tabaka lisipende maji imekuwa kutumia misombo ya florini, ile ambayo haiozi na imekutwa ndani ya maji na damu za watu. Mmoja wa misombo hiyo, PFOA, uliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2019, mwaka uleule wa utando wa Murray, na mwaka 2022 hata Gore walianza kuuza utando wa aina nyingine usiotokana na PTFE. Jani nalo halina florini. Lina nta yake.

Fulana yangu ya mtumba nimeifua mara nne sasa. Nilikata ukanda mwembamba kwenye pindo la chini, nikauning'iniza kwenye kikombe cha maji ya bitiruti pamoja na ukanda wa fulana ya pamba, na saa ya simu ikiwa pembeni. Mkijaribu wenyewe niandikieni mlichopata, na mtaje nguo imefuliwa mara ngapi.